Kufufua basi kuukuu la jiji Nairobi: anza chini, rangi baadaye

Swali huwa moja, anayebadilika ni mpigaji simu. Jamaa ameliona basi la zamani limelala kwenye ploti ya mtu huko Ruiru au Athi River, nyasi zimeota mpaka dirishani, bei ya kutupa, na kitu cha kwanza anachoniuliza ni rangi. Atalipaka lini, atalipaka nani, itagharimu ngapi. Nikimwambia rangi ndiyo kazi ya mwisho anadhani namficha fundi wangu. Basi nimeyaandika haya ili nikipigiwa tena nimtumie mtu asome kwanza, halafu tuongee.

Basi la jiji ninalolizungumzia ni lile lililozaliwa kubeba watu ndani ya Nairobi: 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 9 ya Eastleigh. Msilichanganye na basi la safari. La kwenda Busia huchoka springi na tairi. La jiji huchoka klachi, breki, gia ya pili na ngazi ya mlangoni, kwa sababu maisha yake yote limekuwa likisimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Kilometa za kwenye dashibodi hazikwambii kitu. Linaweza kuwa limetembea kidogo na injini imenguruma foleni ya Jogoo Road miaka ishirini.

Kabla hujagusa spana

Kwanza mahali. Basi zima lina urefu wa mita kumi hivi, na utahitaji angalau mita mbili kila upande za kuzungukia, na sakafu ngumu. Udongo mweusi wa Embakasi mvua ikinyesha humeza jeki mzimamzima. Nimeona kwa macho yangu. Paa ni lazima. Turubai si paa.

Kisha vifaa: jeki mbili za tani ishirini, stendi nne za chuma za kubeba uzito huo, vigingi vya magurudumu, seti ya spana na soketi kubwa, drili, mashine ya riveti, kompresa, grisgani, kifaa cha kupimia volti, mtungi wa kuzimia moto ulio ndani ya tarehe, maski ya vumbi, miwani. Kama basi lako ni la Uingereza na la zamani kabisa, nati nyingi hazitakubali spana za milimita. Tafuta za inchi. Spana ya milimita ikilazimishwa kwenye nati ya inchi huila pembe, na hapo utaishia kukata kwa tindo.

Na daftari. Daftari la karatasi, lenye penseli iliyofungwa kwa kamba. Simu itakufa betri ukiwa umelala chini ya difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma.

Fedha sitakutajia, kwa sababu mabasi mawili ya mwaka mmoja yanaweza kupishana gharama mara tano. Nitakwambia hivi tu: bei ya kulinunua ndiyo sehemu ndogo.

Hatua ya 1: Lisome basi

Nenda mchana, nenda na nyundo ndogo na tochi. Usianze na injini. Anza na namba.

Plati ya zamani yenye herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho, inakwambia gari lilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA na herufi ya mwisho ulioanza 1989. Kisha tafuta bamba la mtengenezaji, aghalabu liko karibu na dereva au kwenye fremu ya mlango. Leyland nyingi za hapa ziliunganishwa Thika, kiwanda ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers. Isuzu zilitoka General Motors, ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Kumbuka kwamba chasisi na bodi mara nyingi ni kazi ya watu wawili tofauti: chasisi ilitoka kiwandani ikiwa uchi, ikaenda kwa mjenzi wa bodi. Kwa hiyo tafuta mabamba mawili.

Sasa ufurahie kidogo. Chukua msasa namba 240, maji, na mahali palipofichika, mfano nyuma ya kishikio cha mlango. Sugua mduara mdogo taratibu, usichimbe. Rangi zitatokea kama pete za mti uliokatwa. Nilipofanya hivyo kwenye basi ninalolifanyia kazi sasa, juu palikuwa na kijani cha shule, chini yake maruni ya kanisa fulani, chini yake nyeupe, halafu uzi mwembamba wa chungwa na mwekundu. Nilijua papo hapo. Mistari ile ni ya Stagecoach, kampuni ya Waskoti waliomiliki Kenya Bus Service, kampuni ya mabasi ya jiji, kuanzia 1991 hadi 1998. Chini yake kulikuwa na buluu. Nilikaa kwenye ndoo nikaliangalia duara lile lenye upana wa sarafu ya shilingi ishirini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ukitaka kupanga miaka, shika hizi. Kenya Bus ilianza Nairobi 1934. Mwaka 1966 halmashauri ya jiji iliingia ubia, ikachukua robo ya hisa na kuipa kampuni haki ya kuendesha mabasi mjini peke yake. Haki hiyo ilitobolewa 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu. Nyayo Bus, mabasi ya serikali, yalikuja 1986. Basi lako limepita mahali fulani humo, na kila tabaka la rangi ni mwajiri mmoja.

Ukishajua umri, gonga. Chasisi nzima italia *ngi!* kama kengele. Iliyooza italia *du*. Gonga zaidi upande wa kushoto, chini ya mlango, na juu ya magurudumu ya nyuma. Kushoto ndiko abiria walikopandia na matope yao, ndiko sakafu iliposhushia maji ya kuoshea, ndiko mifereji ya barabara ilikorushia uchafu. Nikikuta chuma cha kushoto ni kizima, huwa sihangaiki sana na kulia.

Onyo kwa anayeanza: usichukue la ghorofa. Najua, Dennis Dragon za miaka ya tisini zilikuwa na madaha, hata mimi nilikuwa nagombania kiti cha mbele juu. Lakini utahitaji paa la juu mno, jukwaa la kupandia, na njia isiyo na nyaya za stima. Anza na la kawaida.

Na usinunue la nje ukidhani ni mkato. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Urithi wetu uko humuhumu, kwenye mashamba, nyuma ya shule na kwa wauza vyuma.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya pesa

Hapa ndipo wengi hulia. Mabasi haya yamepitia mikono mingi kwa kupeana mkono tu: kampuni kwa dalali, dalali kwa shule, shule kwa fundi. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, imebaki kwa mtu wa tatu ambaye ni marehemu.

Fanya utafutaji wa rekodi kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukitumia namba ya gari. Mwenye jina litakalotoka ndiye wa kukuuzia, siyo huyo unayekunywa naye chai. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye rekodi, tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, ondoka. Wakati nikiwa mgeni wa kazi hii nililipa nusu ya pesa nikiahidiwa logibuku "Jumatatu". Ile Jumatatu bado naingoja.

Kama unanunua kwa muuza vyuma chakavu, dai risiti yenye namba ya leseni yake. Biashara hiyo ina sheria yake tangu 2015, na hutaki kukutwa na kitu ambacho hakina baba.

Hatua ya 3: Lilete nyumbani bila kuliwasha

Usiliwashe pale ulipolinunua. Usilivute kwa kamba. Breki za basi lililolala miaka kumi ama zimeshika ama hazipo kabisa, na hutajua ni lipi mpaka ufike kwenye mteremko. Kodi lobedi, lori la kitanda cha chini la kubebea magari. Kama magurudumu hayazunguki, wanaojua kazi watalivuta kwa winchi juu ya mbao zilizopakwa grisi.

Ng'oa au funga kwa kamba kila kinacholegea kabla ya safari: madirisha, kifuniko cha injini, bango la mbele. Na kila kitu kilichodondoka ndani, hata skrubu, tia kwenye ndoo uje nayo.

Hatua ya 4: Wiki nzima ya kutofanya chochote

Mafundi wangu huichukia hatua hii. Piga picha kila kitu kabla ya kufungua kitu: kila waya, kila bomba, mpangilio wa viti, maandishi ya ukutani. Pima umbali kati ya kiti na kiti, uandike. Shule nyingi zilisogeza viti ili kuongeza watoto, na utaona mashimo ya zamani ya bolti sakafuni. Mashimo hayo ndiyo ramani yako ya asili, usiyazibe.

Halafu kusanya nyaraka za kiti. Ndiyo, za kiti. Nyuma ya mto, kati ya chuma na mbao, mna tiketi, sarafu, vibanzi vya miwa, barua. Weka tiketi ndani ya karatasi ya plastiki. Namba za ruti zilizochapwa juu yake zinaweza kukwambia basi lako lilifanya kazi njia gani kuliko mzee yeyote anayekumbuka.

Wazee nao watafute. Madereva na makondakta waliofanya kazi depo ya Kenya Bus ya Eastleigh bado wapo mtaani. Mmoja alikuja, Mzee mwenye fimbo, akaingia kwa mlango, mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe ukashika bomba mahali ambapo bomba halikuwepo. Nikachukua chaki nikaweka alama pale hewani, kwenye ukingo wa dari. Baadaye, tulipotoa rangi, tukakuta matundu mawili ya skrubu palepale.

Hatua ya 5: Chasisi, springi na tairi

Sasa chini. Toa tairi zote, liweke basi juu ya stendi, siyo juu ya jeki. Jeki ni ya kuinulia. Kulala chini ya gari lililobebwa na jeki ni kujichimbia kaburi, na mafundi wa Kirinyaga Road, mtaa wa spea, wanayo majina ya waliokwenda hivyo.

Kwangua matope, osha kwa mashine ya maji, acha likauke siku mbili. Kwangua kutu kwa brashi ya chuma. Panapohitaji kuchomelewa, mpe fundi anayejua chasisi, na umsimamie kwa jambo moja: asichomelee wala asitoboe bapa la juu na la chini la reli ya chasisi. Hapo ndipo mzigo wote unapokaa. Viraka hukaa ubavuni mwa reli, kwa bolti au kwa kuchomelea kunakofuata mchoro. Na kabla hajawasha mashine yake, ng'oa nyaya za betri na za altaneta.

Springi: angalia jani lililovunjika, hasa karibu na bolti ya katikati. Bushi badilisha zote. Tia grisi kila nipo (kichuchu cha kutilia grisi), na ile inayokataa grisi ifungue, usiiruke.

Tairi za zamani hata ziwe na meno, zitupe. Tairi iliyotengenezwa tangu 2000 ina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Isiyo na tarakimu nne ni mzee kuliko makanga wako.

Hapa niko makini kabisa: mabasi mengi ya enzi hizo yana rimu za vipande, zenye ringi ya kufungia. Ringi hiyo ikiruka tairi ikiwa na upepo inaua. Toa upepo wote kwa kuondoa sindano ya valvu kabla ya kulegeza kitu chochote. Kujaza upepo ni ndani ya kizimba cha chuma, wewe ukiwa umesimama pembeni. Na asije mtu akaigonga ringi kwa nyundo ili "ikae vizuri" huku upepo unaingia. Fundi akikwambia amefanya hivyo miaka thelathini, mpongeze, kisha tafuta mwingine.

Hatua ya 6: Breki kabla ya injini

Mgeni hutaka kusikia injini ikinguruma. Akishaisikia hawezi kujizuia kusogeza gari mita mbili, na mita mbili zinatosha kuvunja ukuta wa jirani. Kwa hiyo breki kwanza.

Jua aina yake: upepo kamili, au mafuta yanayosaidiwa na upepo au vakyumu. Ukifungua ngoma, usipulize vumbi kwa kompresa! Vitambaa vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishe kwa maji, pangusa kwa kitambaa, tia kitambaa kwenye mfuko uufunge, vaa maski muda wote.

Mipira yote ya breki badilisha, hata inayoonekana mipya. Mpira huvimba ndani ukaziba huku nje unang'aa. Ngoma zipeleke kwa fundi wa mashine Kariobangi Light Industries azipime. Zikizidi kipimo kilichogongwa juu yake, hakuna kuchonga tena. Chemba za breki zenye springi kubwa ndani usizifungue mwenyewe. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya kutosha kutoboa paa.

Mitungi ya upepo fungua vali za chini, utashangaa maji na mafuta yatakayotoka. Baadaye, injini ikishawaka, jaza upepo mpaka mita isome kama psi 100, zima, subiri dakika kumi. Mshale ukishuka, chukua sabuni ya unga na maji, paka kila kiungo. Panapovuja patatoa povu. Kisha rudia mtu akiwa amekanyaga pedali.

Hatua ya 7: Injini

Usitie stata. Usimwage dizeli mpya ukatumaini.

Fungua nozeli zote (vinyunyizi vya dizeli), mimina ndani ya kila silinda vijiko viwili vya mafuta ya injini yaliyochanganywa na dizeli, acha siku tatu. Kisha izungushe kwa mkono, kwa spana kubwa mbele ya krenki, robo mzunguko kwenda na kurudi. Ikigoma, ongeza mafuta, ongeza siku. Kuna iliyonichukua wiki tatu. Nyingine niliilazimisha, nikavunja ringi za pistoni, na somo hilo nililipia.

Inapozunguka bure, mwaga mafuta ya zamani na maji ya rejeta, safisha tangi la dizeli mpaka chini, weka mafuta mapya, maji mapya na filta mpya. Zungusha kwa stata nozeli zikiwa nje mpaka mita ya presha ya mafuta iinuke. Ndipo urudishe nozeli, zikiwa zimepimwa.

Kutoa hewa kwenye dizeli ndiko kunakowashinda wengi. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Rudia kwenye pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, mtu apige stata, zikitema dizeli kaza moja moja. Usiweke kidole mbele ya bomba au nozeli inayotema: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na hiyo ni safari ya hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame na kipande cha mbao tambarare kinachoweza kuziba mdomo wa kuvutia hewa wote. Injini ya dizeli iliyolala inaweza kupanda mizunguko isizimike hata ukivuta kamba ya kuzimia. Ukiinyima hewa, itakufa. Mbao, siyo kiganja.

Kuhusu pampu: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo (turbo, kisukuma hewa) iliyowekewa dizeli ya kipimo cha pwani itatoa moshi mweusi kama jiko la mabanda. Mwambie fundi wa pampu apunguze kwa mwinuko wa hapa. Utapoteza nguvu kidogo. Hukulinunua kushindana na matatu za Rongai.

Spea: Isuzu hazisumbui. Kwa Leyland, beba kipande cha zamani mkononi uende nacho Kirinyaga Road, duka kwa duka. Ashok Leyland ya India iliendelea kuunda injini zenye asili ya Leyland ya Uingereza, kwa hiyo baadhi ya vipuri vya Kihindi huingia. Baadhi. Pima kwa kalipa kabla ya kulipa, usiamini neno "ni ileile".

Hatua ya 8: Bodi

Kosa la wengi: wanabandua mabati yote siku moja kwa furaha. Mabati ndiyo yanayoshikilia umbo. Ukiyatoa yote, paa hubonyea na milango haifungi tena maisha. Funga kwanza fito za chuma za kukingama mlangoni na ndani ya kila dirisha la tatu, kisha fanya upande mmoja, sehemu moja, ukamilishe, ndipo uhamie nyingine.

Riveti itoboe kwa drili ya unene wake, kichwa kitoke, kisha piga mwili wake nje. Ukitumia drili kubwa utapanua tundu, na riveti mpya itacheza. Bati uliloling'oa liandike nyuma kwa kalamu ya rangi: "kushoto, 4, juu". Hata likiwa limeoza litumike kama kiolezo kwa mafundi bati wa Kamukunji, wanaolikata bati kama mama anavyokata kanga.

Fremu za mbao zilizooza zikate mpaka ufike penye mbao hai, kisha unga kwa mvule, siyo saipresi laini, na paka dawa kwenye miisho kabla ya kuunganisha. Mahali alumini inapokutana na chuma, weka kitu katikati: rangi ya zinki, utepe, chochote kisichopitisha. Vikigusana na unyevu ukaingia, alumini itageuka unga mweupe ndani ya misimu miwili ya mvua.

Sakafu angalia karibu na ngazi. Ile ngazi ya kwanza iliyolika katikati kama bakuli, mimi sibadilishi kama bado ina nguvu. Weka bati chini yake uiongezee mgongo. Miguu ya nusu ya Eastlands ndiyo iliyoichonga vile.

Hatua ya 9: Umeme

Mengi ni volti 24: betri mbili za 12 zilizofuatana. Ukiweka balbu ya 12 itang'aa vizuri sana kwa sekunde moja. Waya za zamani zenye ngozi inayomumunyika usizitie utepe. Ng'oa zote, weka mpya, fyuzi kwa kila saketi, na swichi kubwa ya kukata betri karibu na dereva. Waya wa ardhi ukwangulie chuma mpaka king'ae.

Kengele ya kushukia irudishe. Basi bila kengele ni lori lenye viti.

Hatua ya 10: Sasa rangi

Chagua Januari au Februari. Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Desemba vuli, na Julai baridi na manyunyu hufanya rangi ikauke kwa uvivu na kupauka. Mwagia sakafu maji vumbi litulie.

Alumini inahitaji praima yake (rangi ya chini) ya kung'ata kwanza. Bila hiyo rangi itabanduka kama gamba la nyoka. Fila, ile ya kusawazisha mabonde, iwe nyembamba. Fila nene ni uongo utakaopasuka kwenye matuta. Rangi za kuchanganya na hadna (dawa ya kugandisha) zina sumu ambayo maski ya kitambaa haizuii, kwa hiyo fundi apewe maski ya kuvuta hewa safi kutoka nje, hata akikataa kwa kiburi.

Maandishi mpe mchoraji wa brashi, siyo wa stika. Bado wapo.

Hatua ya 11: Barabarani

Chukua bima ya mtu wa tatu, panga ukaguzi wa NTSA Likoni Road, Industrial Area, ubadilishe plati ziwe za aina ya sasa. Safari ya kwanza iwe Jumapili asubuhi, umbali mfupi, na gari la pili nyuma lenye maji, zana na mtungi wa moto.

"Naweza kulipakia abiria wa kulipa?" Hapana, si hivihivi. Kanuni za 2014 zinataka gari la abiria liwe chini ya sacco (ushirika wa wenye magari) au kampuni yenye magari yasiyopungua thelathini, na kuna leseni zake. Harusi na sherehe za kukodiwa pia zina leseni yake. Uliza kwanza, usije ukamwacha bibi harusi kwenye kizuizi cha polisi.

Likikusumbua

*Linawaka, linazima baada ya dakika mbili.* Linavuta hewa mahali. Angalia washa za bomba la dizeli na mpira wa kutoka tangini kabla hujailaumu pampu.

*Moshi mweupe asubuhi usiokwisha.* Nozeli inadondosha, au majira ya pampu yamesogea. Moshi mweupe wenye harufu tamu na rejeta inayopungua ni gasketi ya kichwa.

*Moshi mweusi ukipanda Museum Hill.* Dizeli nyingi au filta ya hewa imeziba. Anza na filta, ni bei nafuu.

*Upepo haujai.* Kagua vali za kutolea maji uone hazijabaki wazi. Usicheke, mimi nilitafuta uvujaji siku nzima.

*Gia ya pili inaruka.* Hilo ni jiji. Foleni imeila. Gia boksi ifunguliwe. Kuizoea kwa kuishikilia kwa mkono si dawa.

*Linavuta upande mmoja ukifunga breki.* Mafuta ya grisi kwenye kitambaa, au mpira umevimba upande wa pili, ule usiovuta.

*Maji yanaingia mvua ikinyesha na hujui yanapotokea.* Lala ndani usiku wa mvua na tochi. Nimewahi kulala kwenye kiti cha nyuma mpaka saa tisa, blanketi mabegani, nikifuata tone moja kutoka bango la ruti, likipita kwenye ukingo wa dari, likigeuka kona ya dirisha la nne, mpaka lilipodondoka kwenye kiti ambacho nilikuwa nimebadilisha kitambaa chake mara mbili. Tundu lilikuwa mbele kabisa, mita sita kutoka pale lilipodondokea, kwenye skrubu moja iliyokosa raba.